Parameta ambayo haijaandikwa popote siyo siri, mafundi wa tovuti tuambizane ukweli

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni mfinyu na wengi wanaandika habari za maji na barabara, ila hili nalo linagusa watu wengi wa huku kwetu Arusha na Moshi, hasa wenye kampuni za utalii, hoteli, shule na saccos ambao wametengenezewa tovuti wakalipa hela nzuri tu na mpaka leo hawajui ndani yake kuna nini.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha tovuti, nipo Sakina, na kazi nyingi zinazonifikia siyo mpya, ni za kurithi, yaani fundi wa kwanza kapata ajira Dar, simu haipokelewi, bosi anakuja na paswedi kaandika nyuma ya risiti anasema dogo nisaidie. Masika ndo zinazidi maana wageni wamepungua, magari yapo gereji, na kila mwenye kampuni anakumbuka tovuti yake kabla ya Juni watu hawajaanza kumiminika tena. Sasa kwenye tovuti ya kampuni moja ya kupandisha watu mlima, sitaitaja, nikakuta kwenye ukurasa wa bukingi ukiongeza mwisho wa anwani alama ya kuuliza halafu onyesha=1 (hicho kimkia ndo parameta, yaani maelekezo unayoipa tovuti kupitia anwani), basi ile fomu inaondoka na inakuja orodha nzima ya wateja. Jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kupanda, na kwa vile watu wa mlima lazima waulize afya, kuna mpaka mwenye pumu na mwenye presha. Hakuna paswedi wala nini. Nikampata fundi aliyeiweka, kijana anayejua kazi kabisa, akanijibu kwa meseji: "Bro hiyo ya kujirahisishia tu, haijaandikwa popote, nani ataijua?"

Hilo jibu nimelisikia kwa wengi, na ndilo lililonifanya nikae niandike, kwa sababu hata waliotengeneza hiyo lugha tunayoitumia waliwahi kuweka parameta zao za kichinichini na historia yake ipo wazi, mtu akiisoma hawezi tena kusema nani ataijua.

Lugha yenyewe ni PHP. Kwa wasiojua, ni lugha ya skripti inayokaa kwenye seva na kupika ukurasa kabla haujafika kwenye simu yako, na WordPress, ambayo ndo imebeba tovuti nyingi sana za hizi kampuni zetu za safari, imeandikwa kwa hiyo. Aliyeianzisha ni Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, mwaka 1994, kwa ajili ya ukurasa wake binafsi, akaitoa kwa watu mwaka 1995. Halafu vijana wawili waliokuwa wanasoma Technion kule Israeli, Zeev Suraski na Andi Gutmans, wakaiandika upya, toleo la 3 likatoka 1998 na la 4 likatoka 2000 likiwa na injini, yaani sehemu inayoendesha programu zenyewe, waliyoiita Zend, wamechanganya Zeev na Andi. Hawa siyo watu wa mchezo mchezo, ila nao ni vijana na vijana hupenda utani.

Kwenye PHP kuna funkisheni inaitwa phpinfo, ukiiita inakuletea ukurasa mrefu wa rangi ya zambarau unaoeleza seva nzima ilivyopangwa, toleo gani, moduli zipi, kila kitu. Juu ya ukurasa kuna logo. Tatizo likaja, hiyo logo itatoka wapi? PHP haikuweza kujua wewe kwenye seva yako picha umeweka folda gani, na haikutaka kukulazimisha uweke. Wakaja na ujanja ambao kwa kweli mimi naupenda, picha wakaifungia humo humo ndani ya injini, halafu ukurasa wa phpinfo unajiomba picha wenyewe, anwani ni ile ile ila mwisho wake kuna alama ya kuuliza, alama ya sawasawa, kisha PHPE9568F34 na mkia mrefu wa namba na herufi. Angalia hapo vizuri, ni parameta isiyo na jina, inaanza na sawasawa moja kwa moja, kabla yake hamna kitu. Mtu wa kawaida hawezi kuiandika kwa bahati mbaya.

Na inavyofanya kazi ndo utamu wenyewe uko hapo. Ombi likifika, injini inaangalia kwanza kama maneno ya baada ya alama ya kuuliza yanaanza na sawasawa, kama ndiyo inalinganisha na zile namba zake, zikifanana inatoa picha na biashara imeisha, skripti yako haiguswi kabisa. Kwa hiyo haikuwa lazima uwe kwenye ukurasa wa phpinfo. Ukurasa wowote wa PHP, wa hoteli, wa benki, wa wizara, hata ule wa kuingilia ulioandika mwenyewe kwa makini na kila aina ya ukaguzi, ukiubandikia ule mkia unajibu kwa logo ya PHP. Ukaguzi wako wote ulikuwa ndani ya skripti, na skripti haijapewa hata nafasi ya kuanza.

Kulikuwa na namba nne. Inayoishia 34 sehemu ile ya kwanza ni logo ya PHP, 35 ni logo ya Zend, ya nne inayoanza PHPB8B5F2A0 inaleta orodha ya majina ya waliotengeneza lugha na moduli zake. Na 36 ndo ya utani. Hiyo phpinfo ilikuwa inaangalia kalenda, ikikuta ni tarehe 1 Aprili, sikukuu ya wajinga, inaacha logo ya kawaida na kuweka hiyo ya 36. Kwenye matoleo ya mwanzo ya PHP 4 ilikuwa picha ya mmoja wa watengenezaji kajijazia vijiti vya mkate mdomoni, baadaye ikawa mbwa, baadaye sungura, inategemea toleo. Hebu fikiria fundi yuko kazini anahangaika na seva iliyolala, anafungua phpinfo aone tatizo, anakutana na sungura. Lazima wapo walioamini wamedukuliwa. Mwongozo rasmi ulikuwa na maelezo ya funkisheni ya kupata namba ya logo ya kawaida, ya hii ya utani haukuitaja, ulikuwa uisikie kwa watu au usome mwenyewe chanzo cha injini, yaani maandishi ya programu yake.

Na watu walisoma. Hapo ndo nataka wenzangu wa "nani ataijua" watulie. PHP chanzo chake kipo wazi kwa kila mtu, na mstari ulioandikwa kwenye programu tayari umeandikwa, hata kama kwenye mwongozo haupo. Ikajulikana. Halafu wakaja watu wa usalama wakagundua kwamba utani wenyewe hauna sumu, hauibi kitu, ila unasema mengi, maana picha ilikuwa inabadilika kila baada ya matoleo kadhaa, na orodha ya majina nayo vilevile. Kwa hiyo mwenye seva akificha kwa bidii zote namba ya toleo lake, mtu wa nje anabandika ule mkia, akipata mbwa anajua uko toleo za hapa mpaka hapa, akipata sungura anajua za kule. Programu za kukagua seva kama Nikto zikaanza kuwaandikia wateja kwenye ripoti kwamba seva yako inajibu zile namba. Yaani utani wa Aprili mosi ukawa kipengele kwenye ripoti za ukaguzi za makampuni makubwa duniani!

Dawa ilikuwepo, kwenye faili la mipangilio la php.ini kuna mstari unaitwa expose_php, ukiuweka Off zile namba zote zinanyamaza na ile taarifa ya toleo inayoambatana na kila jibu la seva nayo inaondoka. Lakini ulikuja ukiwa On, na wangapi wanafungua hilo faili. Mwishowe wenyewe wakaona isiwe tabu, kwenye PHP 5.5 iliyotoka Juni 2013 wakaziondoa zote pamoja na funkisheni zake, logo sasa inaandikwa moja kwa moja ndani ya ukurasa wa phpinfo bila kuombwa kwa anwani. Mimi moyoni nilisikitika kidogo, lugha bila utani inakuwa kama ofisi ya serikali siku ya Jumatatu, ila kwa kichwa cha kazi waliamua vizuri.

Kuondolewa huko juu hakumaanishi kumeondoka huku chini, hapo ndo pagumu. PHP 5.2 ilishaachwa kupewa matengenezo tangu 2011, lakini WordPress iliendelea kukubali kukaa juu yake mpaka Mei 2019 ndo ikapandisha masharti kufika 5.6. Kwa miaka yote hiyo mtu aliweza kuwa na WordPress mpya kabisa, anaapdeti kila mwezi, anajisikia yuko salama, na chini yake kuna injini ya zamani bado inajibu zile namba. Wateja wetu hawa wanalipia hosti, yaani kampuni inayoweka tovuti kwenye seva zake, ya bei ya chini na hakuna anayewauliza injini ni ya mwaka gani.

Sasa kuna parameta nyingine za PHP ambazo hazikuwa utani hata kidogo na ziliumiza watu, hii nieleze kidogo kwa sababu ndo inafanana kabisa na ile ya onyesha=1. Zamani kulikuwa na mpangilio wa register_globals. Maana yake ni kwamba chochote ambacho mgeni anakiandika kwenye anwani kinageuka kuwa kigeugeu (variable, jina linalobeba thamani) ndani ya programu yako bila wewe kukiomba. Ukiandika ?jina=Asha basi ndani kunazaliwa $jina lenye Asha. Rahisi, tamu, wanaoanza walifurahi. Ila tuseme umeandika programu inayosema mtu akitoa paswedi sahihi basi $ameruhusiwa iwe 1, halafu chini kule ikasema kama $ameruhusiwa ni 1 fungua. Ukasahau kuianzisha na sifuri mwanzoni. Mgeni hahitaji paswedi, anaandika ?ameruhusiwa=1 na kaingia. Wewe fundi hukuwahi kuandika popote kwamba tovuti yako inapokea parameta ya ameruhusiwa, hukukusudia, na bado inapokea. Kwa hiyo kila jina la kigeugeu kwenye programu lilikuwa parameta ambayo mwenye programu mwenyewe hajui kwamba anayo.

Wakaizima kama mpangilio wa kawaida kwenye 4.2 mwaka 2002, na kelele zilipigwa maana tovuti nyingi ziliacha kufanya kazi, watu wa hosti wakawa wanairudisha On ili wateja wasilalamike. Mwaka 2009 kwenye 5.3 ikatangazwa kwamba inaelekea kufa, 2012 kwenye 5.4 ikatolewa moja kwa moja. Hesabu mwenyewe, miaka kumi kutoka kuzimwa mpaka kuzikwa. Na masalia yake yapo mpaka leo, ukituma parameta yenye nukta ndani ya jina, mfano tarehe.kupanda, PHP inakubadilishia kuwa tarehe_kupanda, kwa sababu zamani ilipaswa kugeuka kigeugeu na kigeugeu hakikubali nukta. Sababu imekufa, tabia imebaki. Nimeona mtu anakesha na fomu haipokei kitu, kumbe ni hiyo nukta.

Na wasije watu wa lugha zingine wakacheka. Bash, ile ganda la kuandikia amri kwenye Linux, tangu 1989 ilikuwa na njia yake ya kupitisha funkisheni kutoka programu moja kwenda nyingine kwa kuificha kama maandishi ya kawaida kwenye mazingira ya programu, yaani maelezo ambayo programu inakabidhiwa inapoanza. Ilikaa hivyo kimya kimya mpaka Septemba 2014 Stéphane Chazelas alipogundua kwamba ukiongeza amri mwishoni mwa hayo maandishi inatekelezwa, na kwa kuwa seva za tovuti nyingi zilikuwa zinamwaga vitu vya mgeni humo humo kwenye mazingira, dunia nzima ikakimbizana kuziba. Robo karne, na Bash nayo chanzo chake kipo wazi!

Turudi nyumbani. Hoja yangu kwa wenye biashara ni hii: unapolipia tovuti au mfumo, usikubali kukabidhiwa linki na paswedi tu. Dai karatasi. Kila ukurasa unaopokea kitu kutoka nje uandikwe unapokea parameta gani, kila moja inafanya nini, na nani anaruhusiwa kuitumia. Kwa tovuti ya kampuni ya kawaida ya safari hiyo ni karatasi mbili tatu, siyo kitabu. Iandikwe pia injini ni toleo gani na expose_php ipo On au Off. Fundi akisema haiwezekani, muulize yeye mwenyewe anajuaje basi tovuti inafanya nini. Na kabla ya malipo ya mwisho tafuta fundi mwingine, umlipe hela ya soda na muda wake, alinganishe karatasi na faili zenyewe, sehemu nyingi ambazo programu inasoma kutoka kwenye anwani au fomu zinaonekana kwa kutafuta neno $_GET, $_POST na $_REQUEST, kompyuta inazitaja kwa sekunde. Kitu kikiwepo kwenye faili na kwenye karatasi hakipo, hapo ndo mnakaa mezani.

Kuna mabosi wataona hayo ni mambo ya mafundi. Jamani, tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi nchini, na tume yake ipo. Ile orodha ya pasipoti na magonjwa ya wageni ni taarifa za watu, na anayewajibika kuzilinda ni kampuni iliyozikusanya, hautaenda kusema kijana wa tovuti aliniambia haijaandikwa popote. Vilevile vijana wanaopenda kujaribu jaribu mikia kwenye tovuti za watu waelewe kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo usio wako bila ruhusa ni kosa hata kama mlango umeukuta wazi, ukiona kitu mwambie mwenyewe.

Kwa mafundi wenzangu siwezi kuwasema sana maana najua hela inavyolipwa, unakubaliana bei moja halafu bosi anaongeza ukurasa wa kifaransa, anaongeza sehemu ya malipo, anaongeza picha za tembo, na hela ile ile, ukiona hivyo hata hamu ya kuandika maelezo haipo. Mlango wa kujirahisishia unaeleweka unatokea wapi, bosi anapiga saa tatu usiku anataka orodha ya wageni wa kesho na wewe uko kwenye daladala na simu. Weka basi paswedi kwenye huo ukurasa, ni mistari michache, na uandike kwenye faili moja la maandishi kwamba upo, uliuweka lini na kwa nini. Hata wale wa PHP namba zao zilikuwa na majina yanayoeleweka ndani ya chanzo, aliyekuja baada yao aliweza kuzitafuta na kuzitoa. Wewe umeacha onyesha=1 katikati ya faili la mistari elfu na zaidi, hamna hata neno moja la maelezo, na umehamia Dar.

Na vyuo vyetu hapa vinavyofundisha kompyuta, mnafundisha PHP vizuri na wahitimu wanakuja wakijua, ila mradi wa mwisho wa mwanafunzi unapimwa kama unafanya kazi kwenye projekta siku ya kuwasilisha. Ongezeni alama za hiyo karatasi. Mwalimu achukue mradi, aondoe mwenye mradi chumbani, ampe mwanafunzi mwingine aseme kila parameta inafanya nini kwa kusoma maelezo peke yake, akikwama alama zinakatwa.

Ile tovuti ya watu wa mlima nimeshaiziba, bosi aliponiuliza kama kuna mtu mwingine alishawahi kuiona ile orodha nikamwambia twende tukaangalie kumbukumbu za seva, tukakuta hosti inazitunza kwa siku saba tu halafu inafuta.

Ni mimi,
Fundi tovuti, Sakina, Arusha